Mizani au mapigo: kipi kitangulie darasani?

Mwanafunzi wa Lindi anayesoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa mara ya kwanza mwaka 1963 na kuitoa upya kwa jina hili mwaka 1969, hukabiliana na vipimo viwili vya ushairi vinavyofanana machoni lakini vinavyotofautiana sikioni.

Mizani huhesabu silabi. Chukua mshororo (mstari wa shairi) huu niliowatungia wanafunzi wangu tulipokuwa ufukweni, tukiitazama Kitunda ng'ambo ya maji: "Jua likizama Lindi, wavuvi hurudi pwani." Ukihesabu kwa vidole utapata silabi nane katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane katika utao (nusu ya pili), jumla 16, kina (silabi ya mwisho wa kila nusu, inayorudiwa katika mishororo mingine) cha kati ni "ndi" na cha mwisho ni "ni".

Mapigo huhesabu mkazo. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10 zenye mapigo matano, silabi nyepesi ikifuatwa na nzito, na mara nyingi hauna vina. Kiingereza hukiruhusu kipimo hicho kwa sababu mkazo wake huhamahama kutoka neno hadi neno, ilhali Kiswahili, kwa kawaida, huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: waVUvi, huRUdi, PWAni.

Kwa maoni yangu, mizani itangulie. Sikio lililolelewa kwa mashairi ya kughani huikamata mara moja, na hapo ndipo mwanafunzi huweza kupiga kofi kwenye kila mkazo na kusikia, bila kukaririshwa, kwamba makofi hayo hayalingani na hesabu ya vidole vyake.