Anki kwa anayejiandaa kusomea udaktari Marekani: tathmini baada ya miaka miwili na nusu

Nimeitumia programu ya Anki, inayokurudishia masomo kwa kadi za maswali na majibu ili usiyasahau, karibu kila siku kwa miaka miwili na nusu, tangu muhula wa pili wa mwaka wangu wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Minnesota. Tathmini hii nawaandikia vijana wenzangu wa Afrika Mashariki wanaosoma shahada ya kwanza Marekani huku wakiwa na nia ya kuingia chuo cha udaktari, kwa kuwa wengi wao huniuliza swali moja: je, kadi hizo zinasaidia kweli, au wanapoteza muda? Zinasaidia, na zinasaidia mno, mradi kila kadi iandikwe na mtu aliyekwisha kuelewa kile anachokiandika. Sharti hilo lilinichukua mwaka mzima kulitambua, na mwaka huo niliulipia kwa alama.

Kwa walioko nyumbani ni vyema nieleze kwanza mzigo wenyewe. Tanzania, kijana aliyefaulu vizuri fizikia, kemia na biolojia kidato cha sita huingia moja kwa moja kusomea udaktari kwa miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Marekani mlango huo wa moja kwa moja ni mwembamba sana. Wengi husoma kwanza shahada ya miaka minne katika fani yoyote waipendayo, wakiwa wanakamilisha pembeni masomo yanayodaiwa na vyuo vya udaktari, ambayo kwa kawaida ni mwaka wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kikaboni na mwaka wa fizikia, yote pamoja na maabara zake, na juu yake biokemia. Kisha hufanya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari, ndipo waombe nafasi ya kusoma miaka mingine minne. MCAT ina maswali 230 katika sehemu nne, muda wa kujibu peke yake ni saa 6 na dakika 15, na alama zake huanzia 472 hadi 528. Tangu mwaka 2015 mtihani huo umejumuisha pia saikolojia na sosholojia. Kwa hiyo jambo ulilofundishwa katika wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza, ukalifanyia mtihani na kulisahau, litakusubiri miaka miwili au mitatu mbele. Hapo ndipo Anki inapoingia.

Neno lenyewe ni la Kijapani, na maana yake ni kukariri. Programu ilitolewa mwaka 2006 na Damien Elmes. Kadi ina pande mbili: mbele kuna swali, nyuma kuna jibu. Unalisoma swali, unalitafuta jibu kichwani, unalifunua, kisha unajihukumu mwenyewe kwa kubonyeza kitufe kimoja kati ya vinne, kuanzia kile cha aliyesahau kabisa hadi kile cha aliyekumbuka bila taabu. Kwa kuifuata hukumu yako, programu hupanga siku ya kuirudisha kadi ile. Uliyoisahau hurudi baada ya dakika chache, na uliyoikumbuka hurudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha mwezi, kisha miezi mingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha polepole. Na hesabu iliyotumiwa na Anki kwa miaka mingi ilitokana na kazi ya Mpolandi Piotr Woźniak ya mwaka 1987. Tangu mwaka 2023 imeongezwa hesabu mpya iitwayo FSRS, inayojifunza kutokana na historia ya majibu yako na kukuruhusu kuchagua ni asilimia ngapi ya kadi zinazorudi unataka uwe unazikumbuka. Mimi niliijaribu kwenye 95, mzigo wa kila siku ukanielemea bila faida niliyoweza kuiona, nikairudisha kwenye 90.

Mwanzo wangu haukuwa mzuri, na kosa lilikuwa langu. Nilipakua fungu la kadi maelfu zilizotengenezwa na watu nisiowajua, nikawa nameza kadi arobaini mpya kwa siku. Nilikuwa nimezoea kusoma hivyo. Sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukakutana na Kiingereza kidato cha kwanza katika kila somo, tunajua namna ya kuishika sentensi nzima ya kitabu na kuirudisha ilivyo bila kujua inasema nini, na mara nyingi mtihani ulitosheka nayo. Katika fungu lile palikuwa na kadi iliyosema kwamba homoni ya glukagoni hutolewa na seli za beta za kongosho. Nilijibu hivyo kwa miezi mitatu, kila mara nikibonyeza kitufe cha rahisi, mpaka nikaandika vivyo hivyo kwenye mtihani wa fiziolojia. Ukweli ni kwamba seli za beta hutoa insulini, na glukagoni hutoka kwenye seli za alfa. Sikuwa nimeikagua kadi ile kwenye kitabu hata mara moja, kwa kuwa si mimi niliyeiandika. Programu ilitimiza kazi yake barabara: iliutunza uongo kichwani mwangu kwa uaminifu uleule ambao ingeutunza ukweli.

Nilibadilika katika muhula wa biokemia. Wiki ile tulikuwa tunasoma vizuizi vya vimeng'enya, yaani vitu vinavyozuia kazi ya protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, nami nilikuwa na kadi iliyosema kwa Kiingereza kwamba kizuizi shindani hupandisha Km na hakibadilishi Vmax. Vmax ni kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, na Km ni kiasi cha sabstrati, yaani kitu kinachofanyiwa kazi na kimeng'enya, kinachotosha kuifikisha kasi hiyo nusu. Niliijibu kila ilipokuja. Jumapili mama yangu aliyeko Tanga akaniuliza kwa simu ninasoma nini siku hizi, nikaanza kumweleza, nikakwama kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na alama mbili za kitaalamu na mshale unaoelekea juu.

Baada ya kukata simu niliifuta kadi ile na kuiandika upya kwa Kiswahili. Upande wa mbele uliuliza: "Mizigo inagombea viti vya daladala pamoja na abiria. Abiria wakifurika kituoni, Km na Vmax zinakuwaje?" Upande wa nyuma nikaandika kwamba kimeng'enya ni daladala, abiria ni sabstrati, na mzigo ni kizuizi shindani. Kila kiti kinachoachwa wazi hugombewa na wote wawili. Abiria wakiwa wengi kupita kiasi watavipata viti karibu vyote, kwa hiyo Vmax haibadiliki, ila sasa wanahitajika abiria wengi zaidi ili kuifikisha kazi kwenye nusu ya uwezo wake, kwa hiyo Km imepanda. Kadi ya pili ilihusu kizuizi kisicho shindani: daladala mbili kati ya sita za njia ile ziko gereji. Abiria wafurike wanavyofurika, safari za siku zimepungua, basi Vmax imeshuka. Lakini daladala nne zilizobaki zinajaa kwa wepesi uleule wa siku zote, basi Km iko palepale. Kadi hizo mbili zilinichukua karibu saa nzima kuziandika. Hazijanishinda hata mara moja tangu siku hiyo, na swali la mtihani lilipokuja na grafu ambayo sikuwahi kuiona, niliisoma kana kwamba nimesimama kituoni.

Tangu hapo nina utaratibu ambao nauona kuwa ndiyo thamani kubwa ya programu hii kwa mtu wa asili yetu. Nikishindwa kuieleza dhana kwa Kiswahili, sijaielewa, na kadi haiandikwi. Majina na alama hubaki kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na hakuna njia ya mkato hapo: asidi amino zote 20 zinazojenga protini ni lazima uzijue kwa jina, kwa umbo na kwa herufi yake moja, ujue kwamba lisini ni K na triptofani ni W, na kwamba lisini na arijinini hubeba chaji chanya katika pH ya mwili. Mambo ya namna hiyo hayana maelezo marefu, na kwa kuyashika sijaona chombo kinachoishinda Anki. Kwa njia za umetaboli, yaani mfululizo wa mabadiliko ya kemikali mwilini, natumia kadi za picha, ambazo programu imekuwa nazo ndani yake tangu mwaka 2023: naweka mchoro wa glikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi, wenye hatua zake kumi, nafunika jina la kimeng'enya kimoja, najiuliza ni kipi.

Maisha ya mwanafunzi wa njia hii hayaishii darasani, na ni haki kuipima programu katika maisha hayo. Mimi hufanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, siku tatu kwa wiki. Kazi hiyo hunipa ujira na pia saa za kukaa karibu na wagonjwa, ambazo vyuo vya udaktari huzitazama. Basi la kwenda kazini hutumia dakika 35. Wakati wa baridi kali huwezi kubonyeza simu ukiwa na glavu nene, kwa hiyo kituoni husubiri tu, lakini nikishakaa ndani ya basi na vidole vikapata joto, kadi sitini au sabini huisha kabla ya kushuka. Hakuna kitabu ambacho ningeweza kukisoma hivyo, kwa vipande, katikati ya watu, nikiwa nimechoka.

Kasoro yake kubwa ni deni. Anki haijui kwamba ulikuwa na maabara mbili na mgonjwa aliyekushikilia mkono usiku kucha. Muhula wa vuli uliopita niliiacha kwa siku nne za mitihani ya mwisho, na nilipoifungua nilikuta kadi 614 zikinisubiri. Nilikaa nikiitazama namba ile, nikaifunga, nikarudi siku mbili baadaye ikiwa kubwa zaidi. Najua wenzangu wawili walioacha kabisa kwa sababu ya hali kama hiyo. Ushauri wangu ni kupunguza kadi mpya kuliko unavyodhani unaweza. Kiwango cha kuanzia cha programu ni 20 kwa siku, mimi niko kwenye 15, na wiki ya mitihani naweka sifuri na kupitia za zamani tu. Pia usizihurumie kadi zinazokushinda kila mara. Ukiisahau kadi mara nane, programu huisimamisha na kuiita ruba, na ruba karibu zote nilizowahi kuwa nazo zilikuwa kadi ndefu zilizobeba mambo manne kwa pamoja. Zigawe, au zifute.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuitegemea kabisa. Sehemu moja ya MCAT, yenye maswali 53 kwa dakika 90, inapima usomaji wa vifungu virefu vya sanaa na sayansi za jamii, na haihitaji maarifa yoyote ya kukumbukwa kutoka nje ya kifungu. Kadi elfu kumi hazitakuongezea alama hapo. Kusoma makala ndefu kila siku kutakuongezea. Fizikia nayo ni ya kukokotoa kwa mkono, na kemia ya kikaboni ni ya kuchora mishale ya elektroni karatasini mpaka mkono uzoee. Nimeona wanafunzi wenye bidii sana wakikaa na kadi saa nne kwa siku, kisha hawafanyi hata maswali kumi ya mazoezi, kwa sababu kadi hukupa hisia ya kumaliza kitu.

Kuhusu gharama, programu ya kompyuta ni ya bure, ya simu za Android iitwayo AnkiDroid ni ya bure, na huduma ya kuoanisha vifaa kupitia AnkiWeb ni ya bure pia. Ya iPhone huuzwa dola 24.99, mara moja tu, na mwenye iPhone asiye na fedha hizo anaweza kuzipitia kadi zake kwenye tovuti ya AnkiWeb. Ukilinganisha na ada ya MCAT inayozidi dola 300, bei hiyo si kikwazo kikubwa. Sura ya programu ni kavu, na ukurasa wa mipangilio utamchanganya mgeni; acha mipangilio ilivyo kwa mwezi wa kwanza. Mara nyingine, unapooanisha simu na kompyuta, itakuuliza upakie au upakue. Soma swali hilo polepole, kwa kuwa ukichagua kinyume utafuta kazi yako, ingawa kompyuta huhifadhi nakala za akiba. Na kabla hujatumia senti yoyote katika safari hii, wewe uliye na viza ya mwanafunzi, angalia ni vyuo gani vya udaktari vinavyopokea wasio raia wala wakaazi wa kudumu, maana vingi havipokei.

Mtihani wangu uko mwezi wa nne. Nimefunga kadi mpya za kila siku; kila Jumamosi nafanya mtihani kamili wa mazoezi kuanzia saa mbili asubuhi, na jioni naandika kadi za yale niliyokosa tu, si zaidi ya kumi. Jumapili bado namweleza mama mada moja kwa simu, na pale ninapokwama naandika pembeni ya daftari ili nirudi kitabuni kwanza.