Blender kwa msanii wa gemu aliyepunguzwa kazi

Msanii wa gemu akipunguzwa kazi, leseni ya Maya, programu ya kulipia ya kuunda maumbo ya 3D, hubaki studio. Na waliopunguzwa ni wengi: Januari 2024 Microsoft ilitangaza kuondoa watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu, Unity, kampuni ya programu za kutengenezea gemu, ikatangaza takriban 1,800, na Februari Sony ikatangaza 900 hivi pamoja na kufunga London Studio. Watu hawa wanahitaji kazi mpya za kuwaonyesha waajiri huku mshahara umekatika. Blender, nayo programu ya 3D, ni ya bure, na unachotengeneza humo ni mali yako, ruksa kukiuza. Yenyewe iliponea chupuchupu: kampuni iliyoimiliki, NaN, ilifungwa mwaka 2002, na michango ya yuro 100,000 ndiyo iliyoikomboa.

Kwa kuunda majengo, silaha na vyombo, inatosha kabisa. Aliyezoea Maya anaweza kuchagua vitufe vya "Industry Compatible", ingawa ni afadhali ajifunze vya Blender vyenyewe, maana masomo karibu yote hutumia hivyo. Chukua toleo la LTS (la msaada wa muda mrefu), linalorekebishwa kwa miaka 2.

Usumbufu uko kwenye kupeleka umbo kwenye injini ya gemu, kama Unreal, kwa faili la FBX, linalobeba maumbo ya 3D kati ya programu. Thibitisha skeli (kipimo cha ukubwa) kwanza kwa Ctrl+A, la sivyo umbo litafika na vipimo vya ajabu. Blender huhesabu kwa mita, Unreal kwa sentimita. Kwa mhusika mwenye mifupa, ondoa alama kwenye "Add Leaf Bones", ama kila ncha itaota mfupa usio na kazi. Gawa poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo) ziwe pembetatu kabla ya kuoka ramani ya nomali, yaani kuhifadhi kwenye picha migongo na mabonde madogo ya uso wa umbo, kwa sababu injini ikizigawa kwa namna yake, vivuli hupinda. Tena Blender huoka kwa mtindo wa OpenGL na Unreal husoma wa DirectX: usipogeuza chaneli ya kijani, mashimo yataonekana vinundu. Sampuli za Cycles, sehemu ya Blender inayokokotoa picha na kuoka, huja zikiwa 4,096. Kwa ramani ya nomali weka 16, vinginevyo utasubiri bure.

Penye udhaifu wa kweli ni uchongaji wa kidijitali. ZBrush, programu ya kazi hiyo, hubeba makumi ya mamilioni ya poligoni bila kulalamika, Blender huanza kukwama mapema zaidi. Mchongaji wa wahusika ataona pengo hilo siku ya kwanza. Mwanauhuishaji naye asiiache Maya moja kwa moja, kwani studio nyingi kubwa zina mifupa ya kuchezesha wahusika wao humo.

Faili za Maya, za .ma na .mb, hazifunguki ndani ya Blender, kwa hiyo kazi zako binafsi zitoe kwa FBX au Alembic (muundo mwingine wa faili za 3D) leseni ikiwa bado hai. Za studio usiziguse: ni mali yao, na mkataba wa usiri kwa kawaida huendelea kukubana baada ya ajira kwisha. Gemu lisilotangazwa lisiingie kwenye jalada lako la kazi za kuwaonyesha waajiri bila ruhusa ya maandishi.