Mashine ya barafu nyumbani: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na miezi minne

Mashine hii niliinunua kwa ajili ya magoti ya mama. Tunaishi naye, magoti yake huvimba, na daktari alimwelekeza ayakande kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Trei za friji zilitushinda. Unagandisha usiku, asubuhi zimekwisha, mchana kila mtu anataka maji baridi, jioni mama amekaa anasubiri. Baada ya kuhangaika hivyo miezi mingi nikanunua mashine kamili, ile ya kuingia chini ya meza ya jikoni, inayoungwa na bomba la maji na yenye mpira wake wa kutolea maji. Kabla ya kununua nilidhani kazi kubwa ni kuchagua mashine. Kumbe kazi ni maji yanayoingia na maji yanayotoka.

Nieleze kwanza inavyofanya kazi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ndani kuna bamba la chuma lililolala kwa mteremko, na chini yake imepita mirija ya gesi ya kupozea. Pampu ndogo inamwaga maji juu ya bamba, yanateremka hadi kwenye trei, yanapandishwa tena, na kuendelea hivyo. Maji yanayotembea huganda taratibu kuanzia kwenye chuma, na yanayotangulia kuganda ni maji matupu. Madini na hewa vinasukumwa kando na kubaki kwenye yale yanayozunguka. Ndiyo maana barafu yake ni angavu kama kioo. Ya kwenye trei huganda kutoka pande zote kuelekea katikati, hewa inakosa pa kutokea, na ndiyo ule moyo mweupe tunaouona. Unene ukitosha, mashine hupitisha gesi ya moto kwenye mirija ileile, bamba linapata joto kidogo, na barafu yote inateleza kama kigae na kuangukia kwenye wavu wa nyaya za moto unaoikata vipande. Maji yaliyobaki kwenye trei, ambayo sasa yamejaa madini, yanamwagwa, na mapya yanaingia.

Kwa hiyo mashine inamwaga maji kila mzunguko. Na barafu iliyo kwenye sanduku nayo inayeyuka polepole muda wote, kwa sababu sanduku hilo si friza. Lina kuta nene za kuzuia joto, basi. Mama alipoona majimaji chini ya barafu siku ya pili aliniita akiwa na wasiwasi: "Mwanangu, mashine imeharibika?" Haikuharibika, imetengenezwa hivyo. Barafu ya chini inayeyuka na kutoka, ya juu inashuka, na mashine inaongeza nyingine. Anayetaka kuhifadhi barafu wiki nzima bado atahitaji friza na mifuko.

Hapa kwenye kutoa maji ndipo nilipoumia. Fundi aliyeifunga aliunganisha mpira wa kutolea maji akauacha umelala sakafuni, sehemu moja ukipanda juu ya ukingo kabla ya kufika kwenye bomba la maji machafu. Mashine yangu haina pampu ya kusukuma maji nje. Inategemea maji yashuke yenyewe. Maji hayakuweza kupanda ule ukingo, yakarudi na kukaa chini ya sanduku. Siku ya nne barafu ilikuwa imeshikana bonge moja, nikawa naipasua kwa mwiko wa mbao huku mama akisubiri na kitambaa chake mkononi. Niliumia moyo kweli, maana nilikuwa nimemuahidi kwamba shida imekwisha. Wiki mbili nilidhani mashine ni mbovu, mpaka nilipolala chini na tochi nikauona mpira wenyewe.

Mpira huo unatakiwa ushuke moja kwa moja, walau sentimita 2 kwa kila mita, bila kupanda popote na bila kujikunja. Kama bomba la maji machafu liko juu kuliko tundu la mashine, nunua tangu mwanzo aina yenye pampu. Pia ncha ya mpira isizamishwe ndani ya bomba la maji machafu wala kuzibwa nalo. Iache nafasi ya hewa juu ya mdomo wa bomba, ili siku bomba likiziba uchafu umwagike sakafuni badala ya kupanda kwenye barafu mnayokula. Sakafu itapigwa deki. Barafu yenye maji machafu huwezi hata kuitambua kwa macho.

Upande wa maji yanayoingia, kufunga ni rahisi zaidi. Weka koki yake ya kufungia mahali unapofika kwa mkono bila kuivuta mashine. Kabla ya kuunga, fungulia maji yatoke kwenye ndoo dakika chache, kwa sababu bomba jipya lina vumbi na mabaki ya kazi, na valvu ya mashine ina kichujio kidogo sana ambacho huziba mara moja. Unganisho likibana, lipanguse likauke, tandika karatasi ya chooni chini yake na urudi baada ya saa moja. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halioni.

Kabla ya kuwasha, muhimu ni kusubiri. Mashine yoyote yenye kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ikisafirishwa imelazwa, mafuta ya kompresa hutoka mahali pake na kuingia kwenye mirija. Ukiiwasha hapohapo unaweza kuiua siku ya kwanza. Yangu ililazwa kwenye gari, kwa hiyo niliisimamisha wima saa 24 kabla ya kugusa plagi, ingawa watoto walikuwa wanazunguka jikoni wakiuliza kila baada ya dakika tano. Kisha nikaweka pima maji juu yake na kuzungusha miguu mpaka ikakaa sawa. Mashine iliyoinama humwaga maji upande mmoja wa bamba, ukapata barafu nene huku na nyembamba kule. Soketi iwe ya ukutani, yenye waya wa ethi, wala si ya waya wa kuongezea, kwani hapo maji na umeme vinakaa pamoja. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, iache izimike dakika tano hivi, presha ya gesi ishuke, ndipo kompresa ianze tena bila kuumia.

Halafu joto. Ili kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi sifuri igeuke barafu, lazima iondolewe kilojuli 334 za joto. Kushusha kilo hiyohiyo nyuzi moja tu kunahitaji kama 4.2. Joto hilo lote haliendi mbali, linapulizwa na feni ya mashine kwenye jiko lako. Kama mashine inapulizia mbele, unaweza kuiingiza kwenye kabati. Kama inapulizia nyuma au pembeni, kama yangu, ikibanwa inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Kwetu ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani. Nilipoivuta nikaiachia kama sentimita 12 nyuma na pembeni, mzunguko mmoja ulipungua kwa dakika kadhaa siku ileile.

Na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kilo 25 kwa siku, isikudanganye. Namba za namna hiyo kwa kawaida hupimwa kwenye chumba cha nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Nilipima yangu kwa mizani siku ya joto nikapata kilo 17 na kidogo. Kwetu zinatosha sana, lakini kama hesabu yako inakaribia ile namba ya boksi, chukua mashine ya juu yake.

Sasa matunzo, ambayo ndiyo yameamua kama ningeipenda mashine hii au la. Miezi mitano ya mwanzo sikuisafisha ipasavyo. Nilikuwa nimeweka filta kwenye bomba nikaridhika. Kilichonifumbua macho ni barafu yenyewe: vipande vilianza kuwa na ukungu, vyembamba katikati, na vikiyeyuka kwenye glasi vinaacha punje nyeupe chini. Zile ni chokaa. Maji yetu ni magumu, yaani yana kalisiamu nyingi iliyoyeyuka, na filta ya kawaida haiiondoi. Filta ya mashapo inashika mchanga na kutu, ya makaa inaondoa harufu na ladha ya klorini. Chokaa iliyoyeyuka inapita zote mbili kama haijaona kitu. Kama hujui maji yako, tazama ndani ya birika la kuchemshia. Ukikuta ukoko mweupe, basi ukoko huohuo utakuwa juu ya bamba la mashine yako. Na bamba lenye ukoko haliachii barafu vizuri. Kigae kinang'ang'ania, mzunguko unarefuka, umeme unaliwa.

Tangu hapo naisafisha kila baada ya miezi mitatu. Wenye maji laini wanaweza kufika sita. Kazi hizi ni mbili, na nilichelewa kujua kwamba ni mbili. Ya kwanza ni kuondoa chokaa, na hiyo ni kazi ya asidi. Ya pili ni kuua vijidudu, na hiyo ni dawa nyingine. Unatoa barafu yote, unaweka swichi kwenye usafishaji, unamimina dawa ya chokaa kwa kipimo cha kijitabu, inazunguka, inamwagwa, unasuuza kwa maji matupu mara mbili tatu. Baada ya kusuuza kabisa ndipo unaweka dawa ya vijidudu. Nawasihi sana: usichanganye dawa yenye klorini na siki au asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu, tena uko umeinamisha uso ndani ya kabati.

Kuhusu aina ya asidi, chunguza bamba lako limetengenezwa kwa nini. Mabamba mengi yamepakwa nikeli, na nikeli hubabuka kwa dawa isiyo yake. Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni salama kwa nikeli. Jirani yetu mmoja alinishauri siki. Kwa mashine ndogo za mezani wengi huitumia na wanaridhika, lakini kwa bamba la nikeli sikuthubutu. Brashi ya waya na unga wa kusugulia usivikaribishe kabisa. Mikwaruzo ndiko chokaa inakoanzia safari ijayo.

Ute wa rangi ya waridi au mweusi kwenye pembe za sanduku na mpira wa mlango ni jambo tofauti. Hao ni bakteria na kuvu, na baridi haiwaui, inawapunguzia kasi tu. Mpira wa mlango naufuta kila wiki kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Kijiko cha kuchotea barafu hakikai ndani ya barafu, kinaning'inia nje, na kinaoshwa kama vijiko vingine. Na hakuna anayeruhusiwa kuchota kwa glasi. Glasi ikivunjika ndani, kipande chake na kipande cha barafu huwezi kuvitenganisha kwa macho, itabidi umwage sanduku zima na kuliosha.

Kondensa, yaani mirija inayotolea joto la gesi nje, ipo chini mbele, nyuma ya wavu. Kila miezi mitatu nachomoa plagi na kuisafisha kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi. Jiko lina mafuta angani, vumbi linashikana nayo kama blanketi. Filta nabadilisha kila miezi sita na kuandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Kasoro ninayoiona hadi leo ni kelele. Pampu inavuma, maji yanachuruzika, halafu kigae kinaanguka kwa kishindo, hata saa nane za usiku. Chumba cha mama kinapakana na jiko, na wiki ya kwanza alikuwa anaamka. Sasa naizima saa nne usiku, barafu iliyomo inatosha mpaka alfajiri. Kasoro ya pili ni maji inayomwaga. Nimeweka ndoo yenye mfuniko chini ya ncha ya mpira, na maji hayo tunapigia deki.

Mwezi uliopita tulisafiri siku 19. Nilifunga koki, nikachomoa plagi, nikatoa barafu yote, nikakausha sanduku na trei, nikaacha mlango wazi kidogo kwa kuuegesha kitambaa, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndiko kuvu inakozaliwa. Tuliporudi hapakuwa na harufu yoyote. Nikasafisha, nikawasha, nikamwaga barafu ya saa mbili za kwanza. Ya saa ya tatu ikaenda kwenye kitambaa cha mama.