Darasa la vijana wenye usonji Mombasa: nyota nne, ya tano nimeizuia

Watu wengi wananiuliza inboksi kuhusu darasa analosoma mpwa wangu, basi acha niandike mara moja niwe nawatumia hii. Jina la shule silitaji maana nina la kulalamika na walimu wale nawapenda, jueni tu ni yuniti ya vijana wenye usonji (autism) ndani ya shule ya msingi ya serikali, na kijana wetu ana miaka 16.

Kwanza si mahali pa kumweka mtoto ashinde tu mpaka jioni. Kwenye huu mtaala wa umilisi (CBC) wa KICD, ile taasisi ya serikali inayotunga mitaala Kenya, kuna njia ya watoto wasiofuata masomo ya mitihani, ina hatua nne, msingi, kati, maandalizi ya ufundi halafu ufundi wenyewe, na mtoto hapandi kwa sababu kaongeza mwaka, anapanda kwa kile anachoweza kufanya. Mpwa wangu yuko hiyo ya tatu.

Kilichonifanya niwape nyota nne ni kwamba wanafunza nje. Mtoto wa usonji unaweza kumfunza pesa za karatasi darasani mpaka akapata zote, ukimpeleka dukani ni kama hajawahi kuziona, kwake darasani ni darasani na dukani ni kwengine kabisa, alichojifunza hapa hakihami chenyewe kwenda pale. Sasa hawa hawana duka la maboksi, wanampeleka kwa mwenye duka wa kweli na noti ya mia mbili ya kweli akanunue mkate na maziwa. Siku moja nikaruhusiwa kuwafuata. Muuzaji akakosa chenji akampa peremende, kama wanavyotufanyia sote. Kijana akaganda. Chenji ni shilingi, peremende si chenji, akaanza kujipiga mapaja kwa viganja na sauti inapanda. Mwalimu hakumvuta wala hakumsemea, akatoa kadi mfukoni yenye picha ya sarafu akamwonyesha, akangoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu watu wa nyuma washaanza kunung'unika, mpaka kijana akasema "Sitaki peremende, nataka chenji yangu." Akapewa. Mimi na utu uzima wangu huwa nachukua peremende nanyamaza.

Feri ya Likoni pia wanavuka nao. Kwa miguu ni bure ndio maana watu wanajaa vile, honi, jua, kusukumana, na geti likifunguliwa kila mtu mbio. Wanamvisha vile vya kuziba masikio vya mafundi wa grinda, vinauzwa hadiwea rahisi kuliko vile vinavyoitwa vya watoto maalum na kazi ni ile ile, na shingoni ana kamba yenye picha zake kwa mpangilio, subiri, geti, panda, simama, shuka. Zamani alikuwa hauachi mkono wa mwalimu, siku hizi anatangulia yeye.

Kuna mambo mengine madogo lakini yamefikiriwa. Akifika 18 atahitaji kitambulisho, na pale ofisini kuna mtu atamshika vidole kimoja kimoja achukue alama, pengine kwa wino, na huyu ni mtoto hapendi kuguswa na asiyemjua, basi wameanza mazoezi toka sasa kwa wino wa mihuri, kidole hiki leo, kingine wiki ijayo. Mambo ya kubalehe wanayasema waziwazi, nani anaruhusiwa kukugusa na nani hapana, pedi kwa wasichana, kufunga mlango wa choo. M-Pesa nayo, wamemfunza namba ya siri haambiwi mtu na kaishika vizuri mno, nilipomwomba nimsaidie kutuma akanijibu "mjomba ni mtu."

Sasa nyota ya tano. Imekwama kwenye shanga. Hatua hii ndiyo mtoto anatakiwa aonje kazi mbalimbali ijulikane atafaa wapi, wao kila kijana shanga, bangili na vishikio vya funguo, zinauzwa siku ya usonji duniani tarehe 2 Aprili, wageni wananunua kwa huruma halafu zilizobaki zinakaa kabatini mpaka Aprili nyingine. Kazi gani hiyo mteja anakuja mara moja kwa mwaka? Mpwa wangu feri anaijua kwa mlio wa injini tu, hii MV Kwale, hii MV Jambo, nguo akianua anazipanga kwa rangi halafu kwa saizi na ukihamisha moja atainuka airudishe. Mtoto kama huyo mpeleke stoo ya supamaketi, au dobi la hoteli, hapo Diani tu mahoteli yana mashuka ya kukunja kila siku ya Mungu. Nikalisema kwenye mkutano wa wazazi, nikajibiwa pesa za vifaa zishanunua shanga.

Ukitaka kumpeleka wako anza EARC, kile kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, wamfanyie tathmini, nenda mapema na umbebee chakula chake maana foleni ipo, na kadi ya baraza la watu wenye ulemavu ifuatilie sambamba kwa sababu nayo inataka ripoti ya hospitali. Karo hakuna ila tunachanga mshahara wa msaidizi na nauli za kutoka. Na kabla hujamwandikisha uliza mwalimu anayewatoa nje yupo muhula huo, akiwa likizo hawatoki, ni shanga asubuhi hadi saa tisa.