Dozi ya saa 8 mchana iliyopotelea dirishani

Sirudi. Naanza na neno hilo ili anayesoma kwa haraka aondoke nalo. Hospitali hii ya jamii, isiyoendeshwa kwa faida, ina wauguzi ambao ningewakabidhi mtu yeyote nimpendaye. Ina pia dirisha la malipo ambalo kwa siku moja tu, siku ya kuruhusiwa, linaweza kuharibu kazi waliyoifanya wiki nzima.

Bibi niliyekuwa namuuguza alilazwa majuzi kwa nimonia. Siku za mwanzo dawa ilipitia kwenye mshipa, kisha akahamishiwa vidonge vya amoksisilini yenye asidi ya klavulaniki, dawa ya kuua bakteria, kimoja kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Siku hiyo raundi ya madaktari ikampa ruhusa asubuhi. Kidonge cha saa 12 alikuwa ameshameza. Cha saa 8 mchana hakupewa na mtu yeyote, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyezembea. Utaratibu wenyewe ndivyo ulivyopangwa. Daktari akishaandika ruhusa, chati ya dawa ya wodini hufungwa, kwa hiyo muuguzi anayepita na kitoroli cha dawa hana tena idhini ya kumpa kitu. Dawa za kwenda nazo nyumbani zimeshafungashwa famasia, ila hazitoki mpaka risiti ionekane. Hapo katikati mgonjwa hana mwenyewe. Bibi alikaa hapo katikati mpaka saa 2 usiku, kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, bado iko mkononi, kwa sababu nayo haing'olewi mpaka karatasi ya dirishani irudi wodini.

Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku ni saa 14. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya amoksisilini iliyomo kwenye damu huondoka kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Dawa za jamii hii hazifanyi kazi kwa kumezwa nyingi kwa mpigo. Zinafanya kazi kwa muda ambao kiwango chake kinabaki juu ya kile kinachowazuia bakteria. Ndiyo maana dozi hugawanywa mara kadhaa kwa siku. Ukiruka dozi moja, unawapa bakteria nusu siku ya kupumua, tena kwenye mapafu yaliyoanza tu kupona. Dozi moja huenda isimrudishe mtu wodini. Lakini kama utaratibu unairuka kwa bibi mmoja, unairuka kwa kila anayeruhusiwa asubuhi na kutoka usiku.

Na kwa nini alikaa mpaka usiku? Kwa sababu aliomba msamaha wa sehemu ya bili. Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo iliyomweleza kwamba anastahili. Akafika dirishani na fomu yake, karani akaitazama kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: “We bibi wa msamaha, kaa benchi lile, tutakuita.”

Watu wakageuka wakamtazama. Bibi akaenda kukaa, na tangu hapo hakusema neno. Saa 8 ilipofika alijua fika kwamba wakati wa dawa umefika, lakini mtu aliyekwisha kutangazwa hivyo mbele za watu hanyanyuki tena kwenda kudai kidonge. Kwangu mimi aibu ile na dozi ile ni kosa moja.

Kuitwa hospitali isiyo ya faida hakumaanishi kwamba haitozi, wala kwamba haitakiwi kubaki na ziada. Maana yake ni kwamba ziada haigawiwi kwa wenye hisa. Inarudi kwenye vitanda, mashine, mishahara na misamaha. Kwa hiyo msamaha ni sehemu ya kazi iliyoifanya hospitali iwepo, wala karani hatoi kitu mfukoni mwake. Kule Marekani sheria ya mwaka 2010 na kanuni zake zinazitaka hospitali za namna hii ziwe na sera ya msaada wa malipo iliyoandikwa, ziitangaze, na zipokee maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza inayotolewa baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Huhitaji sheria hiyo kuelewa busara iliyomo: suala la malipo lisifungiwe ndani ya saa ambayo mgonjwa anapaswa kuwa anameza dawa.

Fomu ile ingeweza kujazwa siku ya pili baada ya kulazwa, kitandani, pazia limevutwa. Maelezo yote inayoyataka (watu anaowatunza, kipato, bima kama ipo) yalikuwa tayari kwenye faili. Kinachoichelewesha ni kwamba inahitaji jumla ya bili, na jumla haipatikani mpaka maabara, picha za eksirei, famasia na wodi kila moja ilete hesabu yake. Lakini asilimia ya msamaha inaweza kukubaliwa mapema, jumla ikaja baadaye. Hakuna kinachozuia ila mazoea.

Hiyo jumla nayo isomeni kabla ya kulipa. Msikubali karatasi yenye mstari mmoja, dai mchanganuo, uulinganishe na yaliyofanyika kweli. Makosa hujificha mahali pale pale. Kipimo kilichoagizwa kisha kikaahirishwa hubaki kwenye bili, kwa kuwa anayeagiza ndiye anayekiingiza, na anayeahirisha hana kitufe cha kukifuta. Dawa ya mshipani iliyobaki baada ya mgonjwa kuhamia vidonge hurudishwa famasia, lakini thamani yake hairudi kwa mgonjwa mpaka mtu aulize. Halafu kuna kipimo kilichorudiwa. Damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa badala ya kugeuzwa taratibu, chembe nyekundu hupasuka, potasiamu, madini yaliyomo ndani yake, humwagika na huonekana imepanda wakati mwilini iko sawa. Maabara hufanya vyema kuikataa sampuli hiyo na kuomba nyingine, ila kulipia sampuli mbili si jukumu la mgonjwa. Kwenye bili ya bibi zilikuwemo mbili. Zikaondolewa, baada ya kuuliza mara tatu.

Na kitanda. Mahali pengi siku za kulazwa huhesabiwa kwa nani yuko kitandani saa 6 usiku. Ukiruhusiwa asubuhi na faili likakwama mpaka usiku mkubwa, unaweza kutozwa siku ambayo hukutibiwa kitu. Hili halikumfika bibi, lakini lilibakisha saa 4 tu.

Sasa niseme la haki, maana nikiishia hapa nitakuwa nimewadhulumu watu. Wodi ile ni nzuri kweli. Jioni ya kwanza muuguzi aliomba dawa zote za nyumbani ziletwe kwenye mfuko, zote, hata zile bibi alizodhani ameacha. Akazimwaga juu ya meza na kusoma jina la dawa kwenye kila pakiti, si jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa. Akakuta pakiti mbili za rangi tofauti na majina tofauti, na ndani ya zote mbili ni amlodipini. Bibi alikuwa akimeza dawa hiyo ya presha maradufu, nayo ikizidi huweza kuvimbisha miguu; yake ilikuwa imevimba, na alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ni uzee. Dakika 10 za kazi, bila mashine yoyote. Siku ya kuruhusiwa muuguzi huyo huyo hakumuuliza “umeelewa, bibi?”, swali ambalo kila mtu hulijibu ndiyo. Alisema, “Bibi, hebu nieleze mimi, ukifika nyumbani utazimezaje?” Bibi akaeleza, akakosea moja, wakarudia.

Na hospitali hiyo hiyo hutoka nje ya geti kuwapima majirani presha, na hupima inavyotakiwa: mtu aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishanishwa, mkono usawa wa moyo, mkanda ukazwe juu ya ngozi, wapime mara mbili. Mkono ukining'inia kipimo hupanda cha uongo, nao wanalijua hilo na wanauinua. Anayezidi 180 kwa 120 huku kifua kinamuuma hapewi miadi, anasindikizwa moja kwa moja dharura. Hasira yangu ndipo inapozidi. Inakuwaje hospitali inayovuka barabara kumtafuta mgonjwa imweke mgonjwa wake mwenyewe benchini na kidonge chake kiko hatua ishirini, nyuma ya kioo?

Wanachotakiwa kufanya ni kidogo. Chati ya dawa ifungwe mgonjwa anapotoka mlangoni, si daktari anapoandika ruhusa. Dawa za nyumbani ziletwe kitandani. Na karatasi ya ruhusa iandike saa ya dozi ya mwisho na saa ya inayofuata. Ya bibi ilisema 1×3, basi. 1×3 kuanzia lini?

Mpaka wafanye hivyo, mwenye mgonjwa wake pale asiondoke wodini bila kuuliza: dozi inayofuata ni saa ngapi, na nani atampa? Ikiangukia kabla ya malipo, ombeni ipewe pale pale na iandikwe.

Nilisema sirudi. Kesho yake asubuhi simu ikalia, muuguzi wa wodini anauliza hali. Alipoambiwa kuhusu saa 8 mchana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kidonge kilimezwa saa ngapi. Saa 2 usiku. Je, kulikuwa na kingine saa 4? Hapana. “Vizuri, usije ukameza viwili pamoja kufidia.” Akapanga saa upya kuanzia pale, akamsubiri bibi aziandike, akamwomba amsomee.

Bibi akiugua tena nitampeleka wodi ile. Dirishani nitasimama mimi.