Teksi ya gari na pikipiki mjini Goma
Tangazo la zamani la teksi, karatasi iliyofifia yenye picha ya gari jeupe, limewafanya wazee wengi wa Goma, mashariki mwa Kongo, walinganishe usafiri wa jana na wa leo. Teksi ya gari ilikuwa ya kushirikiana: abiria wanne walibanana nyuma, wawili mbele kando ya dereva, na kabla ya kufika mtaa wa Birere mtu alikuwa amekwisha kujua nani amefiwa na maharagwe ya Masisi yanauzwaje sokoni. Pikipiki haina mazungumzo hayo, lakini haisubiri kujaa, nayo hupenya hadi mlangoni katika vichochoro vya mawe meusi, hasa pale ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002 na kufika hadi Ziwa Kivu, ilifunika barabara zilizozoeleka. Mzigo mzito, kwa vyovyote, ni wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa. Kwa maoni yangu, mwenye haraka na apande pikipiki. Ila mama mwenye mtoto mgonjwa, mvua ikinyesha usiku, anastahili gari, na inaniuma kwamba katika mitaa ya mbali hulipata kwa shida.