Banda la kuku: mabanzi au mbao mpya?

Mafinga, mkoani Iringa, ambako misonobari ya msitu wa Sao Hill hupasuliwa, mabanzi (mabaki ya kando ya gogo) huuzwa kwa bei ndogo kuliko mbao. Kwa gharama, basi, hakuna ubishi, ila ukiwa mbali nauli ya gari inaweza kumeza nafuu yote.

Uimara ni habari nyingine. Banzi ni ubavu wa nje wa gogo: sehemu changa ya mti, laini, mchwa wanaipenda. Nguzo na kenchi tumia mbao mbili kwa nne zilizotiwa dawa. Mabanzi yabaki ukutani, mbali na udongo.

Matunzo ndiyo yanayosahaulika. Bandua magome yote kabla ya kupigilia. Chini yake unyevu hukaa na utitiri hujificha, na kuku wakianza kujikuna usiku utapaka dawa hadi uchoke. Mbao iliyopigwa randa husafishika kwa ufagio tu. (Nyufa za mabanzi, hata hivyo, hupitisha hewa vizuri.)

Umepanga nyumba, au unajaribu kuku kumi? Mabanzi yanatosha. Kiwanja ni chako na unataka kuku mia? Mbao, walau kwenye fremu.